Meno Yanayolika kwa Ndani: Kutafuta Asidi Inatoka Wapi

Mama mmoja anayeuza samaki karibu na Dunga alikaa kwenye kiti changu akaniambia, "Daktari, nimebadilisha dawa ya meno mara nne. Mswaki nimenunua ule mgumu kabisa. Lakini maji baridi bado yananichoma." Nilipomtazama kwa mbele, meno yake yalikuwa meupe na mazima. Nikaingiza kioo nyuma ya meno ya juu. Huko, upande unaotazama kaakaa, enameli, lile gamba gumu la nje la jino, ilikuwa imekwisha: laini, inang'aa, imebonyea kama kijiko, na unjano wa dentini iliyo chini yake unaonekana. Sikumuuliza tena habari ya dawa ya meno. Nilimuuliza, "Mama, chakula cha jioni unakula saa ngapi, na kulala saa ngapi?"

Alikuwa anafunga meza saa tatu usiku, anakula ugali na samaki wa kukaanga saa nne, na kabla ya saa tano yuko kitandani. Kiungulia alikuwa nacho tangu mimba ya mtoto wake wa pili. "Hizo ni ulsa zangu tu," akasema, "nimezizoea."

Wagonjwa wa namna hii nawaona sana hapa Kisumu, na karibu wote wamepita njia moja. Jino linauma, basi wanalisugua zaidi, wanalibadilishia dawa, wengine wanaomba ling'olewe. Tumbo halitajwi mpaka niulize.

Ukali wa asidi hupimwa kwa pH; namba ikishuka, ukali huzidi. Asidi ya tumboni huwa na pH ya kati ya 1 na 3 hivi. Enameli huanza kuyeyuka pH ya mdomoni ikishuka chini ya 5.5 hivi. Katika kipimo hicho kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo majimaji yenye pH 2 yana ukali unaozidi mara 3,000 ule wa 5.5. Mwisho wa umio, pale unapoingia tumboni, kuna msuli unaofunga na kufungua kama mlango. Ukilegea, au tumbo likishindiliwa, asidi hupanda. Ikiishia kifuani unasikia moto, ndicho kiungulia. Ikifika mdomoni wengi husema nyongo imepanda, ingawa mara nyingi si nyongo, ni asidi. Enameli iliyolainika kidogo inaweza kukazwa tena na mate, kwa sababu mate yana madini. Iliyokwisha kuondoka haioti tena, kwa mtoto wala kwa mzee.

Kwanza tazama meno yamelika wapi

Kabla ya kununua chochote, simama mahali penye mwanga, chukua kioo kidogo na taa ya simu, au mwombe mtu akupige picha ukiwa umeachama. Mahali palipolika panasema mengi kuliko maumivu yenyewe.

Meno ya juu ya mbele yakiwa yamelika upande wa nyuma, na magego ya chini yana vishimo vidogo vya mviringo juu yake kama vikombe, shuku asidi inayotoka tumboni, iwe ni ya kucheua au ya kutapika mara kwa mara. Yakiwa yamelika upande wa mbele, ule unaoguswa na mdomo wa juu, shuku kinachoingia kwa nje: kunyonya ndimu, ukwaju, juisi ya pasheni, soda ya kunywa kidogo kidogo mchana kutwa. Ukikuta mfereji shingoni mwa jino, karibu na ufizi, kama mti uliochanjwa kwa panga, na hasa ukizidi upande mmoja wa mdomo, mtazame mswaki na mkono unaousukuma. Na ncha zikiwa bapa, za juu zikikaa juu ya za chini kama mfuniko na sufuria, huenda unasaga meno usingizini.

Meno ya chini ya mbele kwa kawaida husalimika na asidi ya tumboni. Ulimi huyafunika, na tezi kubwa za mate hufungukia hapo hapo chini ya ulimi, kwa hiyo yanaoshwa kila wakati. Kwa wazee wa Kijaluo waliong'olewa meno sita ya chini ya mbele kwa mila, hapo hakuna cha kulinganisha, basi twende moja kwa moja kwenye magego.

Sitaki mtu aichukue ramani hii kama hukumu. Sababu huchanganyika. Mtu mwenye kiungulia anaweza pia kuwa mpenzi wa ndimu na msagaji wa meno, na asidi ikishalainisha jino, kusaga na kusugua hulimaliza haraka zaidi. Lakini ramani hukuonyesha pa kuanzia.

Baridi inachonyota, na hakuna tundu lolote

Chini ya enameli kuna dentini, na dentini ina vijitundu vingi mno visivyoonekana kwa macho, vinavyoelekea kwenye neva. Enameli ikiisha, baridi, utamu na hata upepo hupata njia. Maumivu yakikatika sekunde chache baada ya kumeza maji, neva bado ina nafuu. Yakibaki dakika nzima au zaidi, yakikuamsha usiku, au jino likiuma lenyewe bila kuguswa, neva imeumia na kazi hiyo haimalizwi nyumbani.

Sasa kuna jambo moja ambalo ningependa kila mtu mwenye kiungulia alijue hata akisahau mengine yote. Ukiamka na mdomo mchungu, au ukimaliza kutapika, usipige mswaki papo hapo. Najua mkono unakwenda wenyewe, maana mdomo unanuka na unataka kuwa safi. Lakini dakika hizo uso wa enameli umelainika, na mswaki unauondoa. Mama yule wa Dunga alikuwa akifanya hivyo kila alfajiri kwa miaka, kwa mswaki mgumu, kwa nguvu, kwa nia njema kabisa.

Badala yake, sukutua kwa maji. Ukiwa na magadi ya kuokea (baking soda), koroga nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji, sukutua, tema. Siyo bekingi poda, maana hiyo imechanganywa na asidi yake yenyewe, na siyo magadi ya mawe tunayolainishia mboga za kienyeji. Usimeze, hasa kama una presha, kwa sababu ina chumvi ya sodiamu. Kisha ngoja nusu saa hadi saa nzima ndipo upige mswaki. Asiyeweza kungoja kwa sababu matatu ya kazini inaondoka, na asukutue aende; kupiga mswaki vizuri usiku kabla ya kulala kutamsaidia kuliko ule wa alfajiri wa haraka.

Mswaki uwe laini. Dawa iwe na floraidi. Kwa mtu mzima tafuta kwenye pakiti kipimo cha ppm kati ya 1,000 na 1,500. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki ikifanya kazi. Mkaa, majivu na chumvi ya kusugulia viweke kando kabisa meno yakiwa yamelika hivi, kwa sababu vinakwangua. Mswaki wa mti sina neno nao, mradi ncha umeitafuna ikawa laini na unausogeza taratibu.

Jino lililozibwa zamani, sasa kizibo kimechomoza

Ukipitisha ulimi unakuta kizibo cha fedha kimesimama juu kuliko jino, kama mwamba ziwani maji yakipungua. Watu hudhani kizibo kinatoka. Mara nyingi kizibo hakijasogea. Jino linalokizunguka ndilo lililoshuka, kwa kuwa asidi inayeyusha jino lakini haiyeyushi madini yale. Nikiona hivyo sihitaji kuuliza mengi. Kukizungushia dawa nyingine bila kutuliza tumbo ni kazi utakayoirudia.

Mdomo mchungu asubuhi, sauti imekauka, ila kiungulia sina

Hili ndilo huwachanganya wengi. Mtu anaambiwa ana asidi, anakataa, kwa sababu kifua hakijawahi kumuwaka. Asidi inaweza kupanda kimya, hasa usiku. Dalili zake ni mdomo mchungu au mkavu asubuhi, kukohoa mara tu unapolala chali, kukohoakohoa ili kusafisha koo kabla ya kuongea, sauti ya kukwaruza inayopona kadiri siku inavyoendelea, na hisia ya donge kooni. Nimewahi kuiona kwa mwalimu ambaye kwa miaka alidhani ni vumbi la chaki.

Usiku una ubaya wake wa pekee. Ukiwa umelala, mate hupungua sana na humezi mara kwa mara kama mchana. Ukisimama, uzito wenyewe hurudisha asidi chini. Ukilala, hakuna cha kuirudisha. Tone linalopanda saa nane usiku hukaa juu ya meno muda mrefu kuliko glasi ya soda uliyoinywa saa sita mchana ukaifuatisha na maji.

Kwa hiyo anza na usiku. Chakula cha jioni kiishe muda wa saa tatu kabla ya kulala. Najua hapa kwetu hilo si rahisi. Mwenye duka Kondele anafunga usiku, wa bodaboda anarudi usiku zaidi, na ugali ndicho chakula chenyewe, mtu hawezi kulala bila kuula. Ninachoshauri ni kuhamisha mlo mkubwa: kula ugali na samaki jioni mapema, hata kama ni pale pale kazini, na ukifika nyumbani kwa kuchelewa upate kitu chepesi, kama ndizi au uji usiotiwa ndimu. Mama wa Dunga ndivyo alivyofanya. Anakaanga za wateja, na saa kumi na mbili unusu anakula yake.

Kisha inua kitanda. Weka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu ya upande wa kichwa, kiinuke sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito haitoshi, kwani hukunja mwili kiunoni na kulibana tumbo, na asidi inasukumwa juu. Lalia ubavu wa kushoto. Kwa jinsi tumbo lilivyokaa, ukilala hivyo mlango wa umio huwa juu ya asidi. Mkanda na leso vilegezwe. Mwenye uzito uliozidi, hasa wa kitambi, akipunguza hata kidogo huona tofauti.

Fanya hayo wiki mbili ukiandika kila asubuhi: mdomo mchungu, au siyo. Kuandika kunasaidia kuliko kukumbuka.

Niache chakula gani?

Siwapi watu orodha ndefu ya kuacha, kwa sababu huifuata siku tatu wakaitupa. Vinavyojulikana kuwachochea wengi ni mafuta mengi, kahawa, pombe, sigara, pilipili, nyanya nyingi na machungwa. Ondoa kimoja kwa wiki mbili uone. Chai ya maziwa ya nguvu usiku ningeanza nayo.

Wengi huniuliza kuhusu maziwa lala. Ni machachu, ndiyo, lakini yana kalsiamu nyingi, na vyakula vya maziwa ya kuchacha haviyeyushi enameli kama soda yenye uchachu ule ule. Kama hayakuletei kiungulia, kunywa. Ndimu juu ya samaki nayo haina shida ikiliwa pamoja na chakula. Kuinyonya peke yake ndiyo hatari.

Natumia dawa za ulsa miaka yote na meno bado yanaisha

Uliza kwanza ni dawa gani, na inamezwa saa ngapi. Omeprazole hufanya kazi vizuri ikimezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Wengi huimeza kitandani, baada ya kiungulia kuanza, halafu husema haisaidii. Eno na vidonge vya kutafuna huzima moto wa saa hiyo, baada ya hapo asidi inarudi. Tazama pia kama vidonge hivyo vina sukari, kwa sababu ukilala navyo mdomoni unaongeza kutoboka juu ya kulika.

Halafu kuna H. pylori, bakteria anayekaa tumboni. Watu wengi hapa wamepimwa na kupewa dawa za bakteria huyo, wengine zaidi ya mara moja, wakitarajia kiungulia kiishe. Dawa hizo zina faida yake kwa vidonda vya tumbo, lakini hazikazi mlango wa umio uliolegea.

Mwambie daktari dawa zako zote nyingine. Ibuprofen, diclofenac na aspirin huchubua tumbo na umio. Baadhi ya dawa za presha, kama nifedipine na amlodipine, zinaweza kulegeza mlango ule. Dawa za mzio na za usingizi hukausha mate, nayo mate ndiyo ngao ya meno. Usiache ya presha kwa sababu umesoma hapa. Ipeleke kliniki, waangalie kama kuna ya kubadilisha.

Meno ya kahawia ya Nakuru

Nimekulia Nakuru, na hili linanigusa. Watu kutoka Njoro, Elementaita na sehemu nyingi za Bonde la Ufa huja wakiamini asidi au uchafu umeyachoma meno yao. Maji ya visima vingi huko yana floraidi iliyopita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya, yanaota yakiwa na mistari myeupe au madoa ya kahawia. Utayatambua hivi: yalitoka hivyo tangu utotoni, yanalingana kushoto na kulia, na umbo la jino halijabonyea, isipokuwa hali ikiwa kali sana ndipo huwa na vishimo. Asidi haifanyi hivyo. Asidi hubadilisha umbo.

Mtu anaweza kuwa na yote mawili. Na mtu mzima mwenye madoa hayo asiogope dawa ya meno yenye floraidi, kwa kuwa meno yake yalishajengeka, haitaongeza doa. Kwa watoto wa huko ndiko pa kuwa na makini: maji yachujwe kwa mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imeifanyia kazi kwa miaka mingi, au yatumike ya mvua. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, na punje ya njegere hadi miaka sita.

Mjamzito

Kutapika miezi ya mwanzo, kiungulia miezi ya mwisho mtoto akilisukuma tumbo juu, na katikati odowa, lile jiwe laini la kutafuna, kutoka sokoni Kibuye. Asidi hulainisha, jiwe linasaga. Magego ya mama kama huyu huwa bapa na yenye vikombe kwa wakati mmoja. Simkaripii anayekula odowa, kwa sababu hamu ile ni ya kweli na mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Ninamwomba aiseme kliniki ya wajawazito, apimwe damu, na asukutue kila anapotapika. Kutibiwa meno akiwa mjamzito inawezekana, asisubiri kujifungua.

Kwa mtoto, meno ya utotoni yana gamba jembamba na huisha haraka. Mtoto mkubwa anayecheua mara kwa mara, anayekohoa usiku na meno yake yanafupika, apelekwe kwa daktari wa watoto kwanza.

Usingoje

Chakula kinakwama au unahitaji maji kukisukuma. Unapungua uzito bila kutaka. Unatapika damu au kitu kama unga wa kahawa. Choo ni cheusi kama lami. Lolote kati ya haya, nenda hospitali ya rufaa, iwe Nakuru au hapa kwetu Kisumu kwenye hospitali ya Jaramogi, tunayoiita Russia, uombe uangaliwe umio kwa kamera. Magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa ni miongoni mwa sehemu ambako saratani ya umio hupatikana kwa wingi, na wengi hufika wakati hata uji haupiti. Chai ya moto sana nayo iache ipoe. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani hiyo. Ukisikia maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, usiyaite kiungulia mpaka moyo umeangaliwa.

Kuziba meno ni lini?

Kama jino halina maumivu ya neva na halijavunjika, mimi hupaka floraidi, kisha nangoja asidi itulie. Nikiziba wakati bado inapanda kila usiku, kingo za kizibo huachia. Tunapiga picha kwa simu, nyuma ya meno ya juu na juu ya magego ya chini, halafu tunazirudia baada ya miezi mitatu, mwanga ule ule.

Mama wa Dunga alirudi na picha zake mbili. Nilizikuza, nikazitazama kingo zote, nikahesabu vikombe vya magego. Hazikuwa na tofauti. Maji baridi bado yanamshtua kidogo upande wa kulia, lakini hukatika mara moja, na asubuhi zake kwenye daftari ziliandikwa "siyo" karibu zote. Siku hiyo ndipo tulipoanza kuziba.